Vidole Vinane vya Tarmo Hautaniemi

Nilikuwa na miaka kumi na minne mdogo wangu Tarmo aliponiumiza kwa kisahani mara ya kwanza. Kila majira ya baridi baba yetu, Eino Hautaniemi, alimwaga maji uani kwa mpira wa bomba mpaka yakaganda pakawa kiwanja cha mchezo wa magongo ya barafuni. Kwa kuwa wavulana wote wa mtaani walitaka kushambulia, golini nilisimamishwa mimi, nimefungwa mito ya kochi miguuni kwa kamba. Kisahani kinachochezewa barafuni badala ya mpira ni kigumu kama jiwe. Kikikupata pajani kinakuachia doa la zambarau ambalo halitoki upesi, na mimi nilikwenda dansini na madoa hayo msichana mzima. Sikujali. Nilikuwa mtu wa kwanza duniani kujua kwamba Tarmo ana kitu ambacho wenzake hawana, na nilikijua kwa kuumia.

Mji wetu wa Kivisalmi una kiwanda cha mbao na una timu ya Ahma. Baba alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, na Tarmo akawa winga wa kushoto wa Ahma hata ndevu hajaanza kunyoa. Alikuwa na shuti la ghafla. Hakuinua gongo kama wengine wafanyavyo. Alilipukuta tu, kama mtu anayefuta makombo mezani, na kipa alikuwa bado anatafuta kisahani kiko wapi wakati wavu umekwisha tikisika. Alipofika miaka kumi na tisa, klabu moja kubwa ya Turku ikamtuma mtu aje kumtazama. Mtu huyo alitazama mechi, akaja kunywa kahawa jikoni kwetu, akala mikate mitamu ya Mama mpaka Mama akawa hana cha kufunika kwa kitambaa, akasema mkataba utaandikwa vuli ikiingia.

Kiangazi hicho Baba alimtafutia Tarmo kazi kiwandani. Siku hizo wachezaji wa timu ndogo walifanya kazi kama watu wengine, na Baba aliamini kwamba mwanamume akilala kiangazi kizima, baridi itamkuta laini. Tarmo akawekwa kwenye msumeno wa kukata ncha za mbao. Siku moja ubao ukakwama, akauvuta, ukaachia kwa ghafla. Msumeno ukachukua kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na cha jirani yake.

Baba alikuwa karibu. Alivua shati, akaufunga ule mkono, akambeba mwanawe mtu mzima mgongoni hadi kwenye gari, akaendesha hadi hospitali akiwa kifua wazi.

Kwa mtu asiyecheza, vidole viwili vidogo si msiba wa kumlaza mtu chini. Lakini gongo hushikwa kwa mikono miwili. Mkono wa juu ndio usukani, wa chini ndio nguvu, na ule wa juu hukamata hasa kwa vidole viwili vya mwisho. Mkono wa juu wa Tarmo ulikuwa wa kulia.

Klabu ya Turku ilileta maua na salamu za pole, kisha ikanyamaza. Sulo Partanen, kocha wa Ahma, alikuja hospitali na boksi la chokoleti. Akamwambia Tarmo kwamba timu haiwezi kumtupa, kwamba kazi ya kunoa viatu vya barafu na kutunza magongo ipo na itakuwepo. Alisema kwa moyo mweupe. Tarmo akamshukuru, na kocha alipotoka akanisukumia boksi akaniambia nizile zote, asilione tena.

Aliyeanguka kabisa ni Baba. Alirudi kazini kama kawaida, lakini kalenda ya Ahma ikatoka ukutani, na lile goli la uani akalikata kuni. Habari za mchezo zikawa hazitajwi mezani. Jioni alichanja kuni ambazo zilikwisha chanjwa.

Mwezi wa nane Mama aliteremka ziwani kufua mazulia ya matambara, kama kila mwaka, nasi tukamfuata. Tarmo alikuwa ametoka tu kufunguliwa bandeji. Alichoka kukaa akitazamwa, akachukua brashi ya mpini mrefu akaanza kusugua. Mimi nilikuwa nasuuza. Nilipoinua macho nikaona jambo.

“Tarmo,” nikamwambia, “hebu angalia mikono yako.”

“Ina nini?”

“Wa kushoto uko juu.”

“Wa kulia unauma nikiuweka juu.”

“Najua. Lakini unasugua.”

Akasimama akiitazama ile mikono, maji ya sabuni yakimchuruzika viatuni. Mama akasema kwamba zulia halijisugui lenyewe, kama tuna mazungumzo tukayafanyie nyumbani. Tarmo akarudi kusugua, na alisugua zulia lile mpaka Mama akamnyang’anya kwa kuogopea rangi zake.

Kesho yake alikwenda kwa kocha Sulo kuomba gongo la mtu wa upande wa pili. Gongo lina mkunjo wake mwishoni. La anayepigia kushoto halimfai anayepigia kulia. Sulo akampa mawili yaliyochakaa, bila kuuliza. Nadhani alijua lakini hakutaka kumtilia kijana tumaini la bure.

Kusema “badilisha mikono” ni rahisi. Jaribu kuandika jina lako kwa mkono usiouzoea, huku unakimbia, huku jitu la kilo mia linakufuata likutupe ukutani. Kijana aliyekuwa akitikisa nyavu za ligi alipiga kisahani kama mtoto wa chekechea. Alipigia ukuta wa banda, tuliouchora goli kwa chaki, nami nikarudi golini, mwanamke mwenye kazi yake ya kuoka mikate na mchumba, nimefungwa mito miguuni. Shuti za mwanzo hata hazikunifikia. Nyingine zilipaa zikaangukia kwenye vichaka vya beri vya jirani yetu Kaarina Oksman, naye akaja uani na visahani vitatu kwenye aproni.

“Raija,” akaniambia, “mwambie mdogo wako goli liko upande ule. Huku ni jamu yangu ya Krismasi.”

Vuli ilipoingia Tarmo akaomba nafasi kwenye timu ya akiba, pamoja na watoto waliokuwa wakimwomba saini mwaka uliotangulia. Mama aliifumua glavu yake ya kulia, akaondoa vidole viwili, akaishona upya kwa uzi wa ngozi. Mmoja wa wale vijana alisema kwa sauti, ili asikike, “Hautaniemi anateleza kama farasi na anapiga kama bibi yangu.” Tarmo akamwambia amlete huyo bibi mazoezini, timu ina uhaba wa mawinga. Wakacheka wote, na tangu hapo hawakumcheka tena yeye.

Majira mawili ya baridi yalipita hivyo. Shuti lake la zamani halikurudi. Likazaliwa lingine, fupi, la chini, linaloanzia karibu na kisigino, na kwa kuwa mkono ule wa vidole vitatu sasa ulikuwa chini, kazi yake ilikuwa kusukuma tu, na kusukuma uliweza. Sulo akamtoa kushoto akampeleka winga ya kulia. Siku alipomrudisha kikosi cha kwanza mechi ilikuwa Tervalahti, kwa mahasimu wetu, na mimi nilikuwa kwenye ukumbi wao wa barafu.

Tervalahti walikuwa na beki anaitwa Ruben Backlund, mtu mpana kama mlango wa ghala, mwenye ulimi mkali kuliko viatu vyake. Mchezo ulipokuwa umesimama akateleza mpaka mbele ya benchi letu.

“Hautaniemi, vipi? Vidole umevisahau nyumbani?”

“Viko kiwandani,” Tarmo akamjibu. “Vinaingia zamu ya pili.”

Hata refa aligeuza uso asionekane akicheka. Na dakika chache baadaye Tarmo akapata kisahani upande wa kulia, peke yake. Kipa wa Tervalahti alimjua tangu utotoni, alijua shuti la Hautaniemi linatoka wapi, akalisubiri hapo hapo. Likatoka upande wa pili. Nilipiga kelele mpaka mwanamke wa mbele yangu akanigeukia akanipa peremende ya koo.

Nyumbani nilimkuta Baba uani na shoka lake. Nikamwambia Tarmo amefunga. Akasema vizuri, akauliza kama barabara ilikuwa inateleza.

Kutoka hapo mdogo wangu alikwenda Tampere kucheza ligi kuu, akakaa huko miaka kumi na miwili. Sitasema alikuwa nyota. Nyota hupigiwa kelele akiingia. Tarmo alipigiwa kelele akitoka, akiwa hoi, watu wakishagundua amefanya nini. Alikuwa mshambuliaji anayetumwa barafuni wakati timu imepungukiwa mtu, anayetangulia kwenye kona zenye maumivu, na kila msimu alikuwa na magoli yake ya kutosha ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mwaka walioshinda ubingwa, mpiga picha aliwapanga na kombe, akamnong’oneza Tarmo auweke mkono wa kulia nyuma, picha itoke nzuri. Tarmo akauweka juu ya kombe kabisa, vidole vitatu vimetandazwa. Picha hiyo iko kwangu, juu ya mashine ya kukata mikate, na wateja wanaouliza huipata habari yote hata kama wana haraka.

Aliitwa pia timu ya taifa, mara chache, wakati wa mashindano ya Desemba. Mara ya kwanza Mama aliitazama mechi kwa Kaarina, mwenye televisheni ya rangi, amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kisigino. Wimbo wa taifa ulipopigwa akasimama, na Kaarina naye ikabidi asimame na kikombe chake mkononi. Tarmo alionekana kidogo tu, simba wa taifa kwenye jezi kifuani, midomo haitikisiki kwa kuwa hajui kuimba. Mama akasema, “Amekonda,” akalia mpaka kipindi cha kwanza kikaisha.

Baba hakuwepo. Miaka yote hiyo Baba hakukanyaga ukumbi wowote, wa Tampere wala wa kwetu. Lakini Mama aliniambia jambo moja. Sauna ya nyumbani, banda letu la kuogea mvuke, iliwashwa Jumamosi, kama kwa kila mtu, ila Baba alikuwa ameanza kuoga Alhamisi na Jumapili pia. Zilikuwa siku za ligi. Nikamfuata, nikamkuta amekaa kwenye kijichumba cha kuvulia nguo, jiko baridi, hajavua hata soksi, sikio kwenye redio. Nikamwambia twende Tampere, nitaendesha mimi. Akataka kuzima redio, mkono ukakataa kwa sababu Tampere walikuwa wanashambulia.

Kisahani kilipotolewa nje akanijibu. “Watu wa kule wanapiga makofi. Mimi nipige makofi kwa lipi? Mimi ndiye niliyempeleka kwenye ule msumeno.”

Nilimsimulia Tarmo kwa simu. Akaniomba nimwache mzee na redio yake, nisimsukume.

Alipofika miaka thelathini na minne, magoti yakaanza kumsemesha, na Tampere wakamwambia kwa heshima kwamba hawataongeza mkataba. Angeweza kwenda Uswisi kula mwaka mmoja wa raha. Akarudi Kivisalmi, kwa Ahma. Wengi walidhani anarudi kupumzika. Lakini mwaka ule Ahma, timu iliyokuwa daraja la pili tangu kuumbwa kwake, ilifika hatua ya kupanda, na mechi ya mwisho ikaangukia kwetu, Alhamisi, dhidi ya Tervalahti. Anayeshinda anaingia ligi kuu.

Adhuhuri ya siku hiyo Tarmo alikuja nyumbani kula. Alhamisi ni siku ya supu ya njegere, na Mama hakuwa amewahi kuikosa. Kocha mpya wa Ahma alikuwa amekataza njegere siku za mechi, kwa sababu ambazo benchi zima lilizielewa, lakini Tarmo alikula sahani mbili. Baba alikuwa upande wa pili wa meza, akipaka haradali kwa utaratibu.

“Baba,” Tarmo akasema, “nikiwa na vidole kumi, nilikuwa mchezaji wa namna gani?”

Mama akaweka kijiko chini. Baba hakuinua uso. “Mzuri.”

“Nilikuwa mzuri kama vijana wengine wazuri. Tulikuwa watatu Ahma mwaka ule, wote tunatazamwa. Wale wawili waliacha zamani, na vidole vyao vyote. Mimi mchezo huu nimejifunza mara mbili. Ya kwanza ilinijia tu. Ya pili niliitafuta mwenyewe, na ndiyo iliyonilisha.”

“Usiusifu ule msumeno hapa.”

“Siusifu. Nausema huu mkono, kwa sababu wewe huutazami. Unanipa chumvi huku unaangalia dirisha.” Tarmo hakupandisha sauti. “Baba, siku ile kulikuwa na watu wengi kiwandani, wote walisimama wakashangaa. Aliyevua shati alikuwa mmoja. Mimi nakumbuka mgongo wako, msumeno siukumbuki. Leo huenda ni mechi yangu kubwa ya mwisho, na nataka huyo aliyenibeba awepo.”

Baba akakunja kitambaa cha meza kwenye ukingo, akakikunjua.

“Supu yako inapoa,” akasema.

Tarmo akamaliza supu, akambusu Mama, akaenda. Mimi nilimtazama Baba nikadhani yamekwisha. Lakini nilipofika jioni kumchukua Mama kwa gari, nilimkuta Baba amekaa kiti cha mbele, amevaa koti lake la kiwandani lililofuliwa, kofia mapajani. Akaniambia niwashe gari, hawa watu wa Tervalahti watajaza maegesho.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazini. Baba aliketi kati yangu na Mama, mikono magotini, kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno. Tervalahti wakafunga, sisi tukasawazisha, wakafunga tena, tukasawazisha tena, na yeye hakutikisika. Alifuata tu namba kumi na saba, jezi ya Tarmo. Tarmo akiwa benchi, Baba alitazama benchi.

Kipindi cha tatu kilikuwa kinaelekea ukingoni, mabao mawili kwa mawili, kisahani kilipopotelea nyuma ya goli la Tervalahti. Tarmo alikifuata. Backlund alikuwa bado yupo, kazeeka kama jiwe, yaani kazidi ugumu tu, naye akamfuata Tarmo na kilo zake zote. Kishindo cha ukutani tulikisikia miguuni. Mama akafunika macho. Lakini Tarmo alikuwa amekiweka kisahani katikati ya viatu vyake, na huku anateleza kwenda chini, uso umebanwa kwenye ubao wa ukuta wa kiwanja, akakisukuma kwa mkono wa chini pekee, ule wa kulia, kikapita chini ya mguu wa Backlund hadi mbele ya goli. Pale alikuwepo kijana wetu wa kati, Niilo Saarelma. Niilo alifunga akiwa ameshangaa.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka kwamba Baba alikuwa amesimama. Watu wote waliruka, wakakaa, na yeye akabaki amesimama, kofia imekunjwa mkononi, anamtazama Tarmo akijiokota.

Mtu wa nyuma yetu akamgusa bega. “Mzee, kaa basi, hatuoni.”

“Aliyetoa hiyo pasi ni mwanangu,” Baba akasema bila kugeuka.

Yule mtu akafikiri kidogo. “Basi simama.”

Akasimama hadi filimbi ya mwisho, na Tarmo alikuwa barafuni zile dakika za mwisho, akijirusha mbele ya shuti za Tervalahti moja baada ya nyingine. Ahma ikapanda. Wachezaji walipopanga mstari kupeana mikono, Backlund alivua glavu yake, jambo ambalo hakumfanyia mwingine, akaushika ule mkono wa Tarmo kwa mikono yake miwili. Walichoambiana sikukisikia, na Tarmo hajawahi kunieleza.

Tulimsubiri kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia. Alitoka nywele zikichuruzika, shavu limevimba. Baba hakumkumbatia, sisi si watu wa kukumbatiana. Alimchukua mkono wa kulia, akaugeuza kwenye taa, akapitisha kidole gumba juu ya makovu yale mawili, polepole, kama anavyokagua ubao kabla ya kuupitisha.

“Umepona vizuri,” akasema.

“Siku nyingi, Baba.”

Baba akaitikia kwa kichwa, akaenda kupasha gari moto, na alichelewa huko kuliko injini inavyohitaji.

Tarmo alicheza msimu mmoja zaidi, ligi kuu, na jezi ya mji wake, kisha akaacha akiwa bado anaweza kupanda ngazi. Sasa anafundisha washambuliaji wa timu ya wasichana ya Ahma. Wawili kati yao ni binti zangu, na hakuna anayewalazimisha kukaa golini.

Ama Baba, msimu ule wa mwisho tuliujutia. Alikuwa na miaka kumi na sita ya maneno aliyoyaweka, akayatoa yote. Hakukosa mechi ya nyumbani hata moja. Alimpigia Tarmo simu asubuhi kumweleza alipochelewa kurudi kukaba, alimfundisha kocha kwa barua, na marefa wote wa nchi hii aliwajua kwa majina na kwa macho yao mabovu. Mechi ya Februari alimwita mmoja wao kipofu kwa sauti iliyofika barafuni, na mlinzi wa ukumbi, kijana mwenye adabu, akamwomba atoke nje apoe. Tarmo aliona kila kitu kutoka benchi. Alikuwa amejifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika, nami nilidhani ni aibu mpaka alipoliondoa. Baba alitoka kichwa juu. Kipindi cha tatu kilipoanza tulimwona anarudi kupitia mlango wa kantini, kikombe cha kahawa mkononi, kwa sababu muuza kahawa alifanya naye zamu moja kiwandani miaka ishirini. Akaketi mahali pake, akaniuliza nani ana kisahani.